Kufuli la pombe: gari linalokataa kuwaka ukiwa umekunywa, na kwetu Tabora lingeanzia wapi

Wiki iliyopita pale kijiweni Ng'ambo tunapokunywa kahawa jioni, jamaa mmoja alikuja na video kwenye simu, katumiwa na shemeji yake anayeendesha lori Sweden. Kwenye hiyo video shemeji anapanda lori asubuhi giza bado halijaisha, anachomoa kidude kinachofanana na kile cha redio kolu za polisi, anapuliza, anasubiri kidogo, taa inakuwa ya kijani ndo anapiga stata. Basi kijiwe kikachafuka. Mmoja akasema hicho kitu kikija huku mabasi yote yatalala stendi, mwingine akasema hakifai maana dereva akishapiga moja njiani gari litazima katikati ya pori la Nyahua abiria waliwe na fisi, na mzee wetu mmoja, dereva wa Fuso mstaafu ambaye tangu aache usukani amekuwa mtaalamu wa kila kitu, akamaliza kwa kusema mbona hiyo rahisi tu, unampulizisha utingo.

Mi nauza spea, siku nzima nimezungukwa na mafundi umeme wa magari, kwaiyo nikaenda kuisoma hii kitu na kuwauliza mafundi nikaona niiandike vizuri, maana nusu ya tuliyosema siku ile yalikuwa uongo, ya kwangu yakiwemo.

Wasweden wanaita alkolås, yani kufuli la pombe, na ntatumia hilohilo jina maana linajieleza lenyewe. Ni kifaa kinachokaa kati ya swichi ya gari na stata. Kwa kawaida ukizungusha funguo, umeme unatoka kwenye swichi unaenda kwenye rilei ya stata, stata inazungusha injini, gari linawaka. Kufuli linaukata huo waya wa stata na kuweka rilei yake hapo katikati. Ukipuliza ukaonekana mkavu, rilei inafunga njia, umeme unapita. Ukionekana umekunywa, njia inabaki imekatika, utazungusha funguo mpaka vidole viume, taa za dashibodi zitawaka zote, redio itaimba, ila stata kimya. Fundi umeme yeyote hapa mjini ukimchorea hiyo anaielewa kabla chai haijapoa kwa sababu ni akili ileile ya alamu za wizi tunazofunga kwenye Noah na IST, na madogo wa boda na bajaji za mkataba wanaijua hata kuliko mafundi, si wana ile jipiesi ambayo tajiri akiona hujaleta hesabu anabonyeza simu yake huko aliko na chombo chako kinagoma kuwaka. Hapa anayebonyeza ni pumzi yako mwenyewe.

Sasa hapohapo kwenye waya ndo uongo wa kwanza unapofia. Kufuli limekaa kwenye njia ya stata, halijakaa kwenye injini, na gari likishawaka stata haina kazi tena mpaka kesho, kwaiyo halizimi gari linalotembea. Limetengenezwa hivyo makusudi kabisa maana kuzima gari liko spidi 80 na usukani ukawa mzito breki zikagoma ni kuua watu kwa kutumia kifaa cha kuokoa watu. Wa kijiweni aliyeogopa fisi wa Nyahua alale salama.

Ila pia usifikiri ukishawasha umeruka kihunzi. Dakika chache baada ya kuondoka, nyingi zimewekwa kati ya 5 na 15, kidude kinalia, kinataka upulize tena. Afu kinaendelea kukushtukiza njia nzima kwa muda usioujua. Lengo ni kumnasa yule anayewasha gari akiwa mkavu afu anakunywa humo ndani, au aliyewashiwa na mtu mwingine nje ya baa. Unapewa dakika kadhaa utafute pa kuegesha kwa utulivu. Ukikausha, au ukapuliza ikaonekana pombe, gari linaendelea kwenda ila honi inaanza kupiga yenyewe na hazadi zinawaka mpaka uzime injini, na tukio lote linaandikwa. Fikiria unaingia Nzega mjini kwa staili hiyo.

Tuje kwenye kunusa kwenyewe, maana watu wanadhani kuna kamashine kanasikia harufu kama pua ya mama mkwe. Hakuna harufu hapo. Ndani kuna seli ndogo yenye vibati vilivyopakwa platinamu. Pumzi ikipita, kama ina ile pombe inayonyweka, platinamu inaigeuza kuwa asidi ya siki na katika kugeuka inatoa umeme kidogo, umeme ukiwa mwingi ina maana pombe ni nyingi, mashine inasoma umeme inakupa namba. Wanyamwezi wenzangu mnajua wanzuki, ile pombe yetu ya asali, ukisahaulika siku nyingi kwenye chungu unakuwaje, unachachuka unakuwa siki ya kukunja uso. Ni mageuzi yaleyale, ila kule kazi wanafanya vijidudu wiki nzima na huku platinamu inamaliza kwa sekunde.

Uzuri wa hii seli ni kwamba haidanganyiki ovyo. Vifaa vya zamani na vile vya bei chee vinatumia teknolojia nyingine ambayo moshi wa sigara nao unaweza kuivuruga, na mwenye kisukari ambaye pumzi yake inatoa ile harufu ya asetoni anaweza kuonekana mlevi bila kosa. Seli ya platinamu asetoni haina habari nayo. Kwaiyo siku ukiuziwa kipima pombe mtandaoni kwa hela ya vocha, uliza kwanza ndani kuna nini.

Na kwa nini pumzi iseme ukweli kuhusu damu? Kwa sababu damu inapita kwenye mapafu ikiwa imebeba pombe na sehemu ndogo inavukia kwenye hewa. Kipimo wanachotumia wataalamu ni kwamba pumzi ya ndani kabisa ya mapafu, lita 2.1 yake inabeba pombe sawa na iliyomo kwenye mililita 1 tu ya damu. Ndo maana kufuli linadai upulize kwa muda, lita moja na kitu hivi, halikubali ile fuu ya kupoza uji. Linataka hewa ya chini kabisa, ile ya mdomoni ni ya uongo.

Nikisema uongo wa mdomoni namaanisha kitu hiki, ukitoka kusukutua kwa dawa ya mdomo yenye pombe, au umekunywa togwa iliyokaa mpaka ikaanza kuuma ulimi, au umekula embe lililoiva mpaka likaanza kuchacha na msimu wa embe hapa Tabora tunajuana, mdomoni kunabaki mvuke kidogo wa pombe ambao haujafika hata kwenye damu. Kufuli linaweza kukukatalia. Dawa yake ni ndogo, unasukutua na maji, unasubiri dakika 15, unapuliza tena, ule mvuke umeshaondoka. Pombe ya kwenye damu haiondoki kwa dakika 15 hata usukutue na Ziwa Tanganyika zima. Hata sanitaiza ya mikono ina pombe, kwaiyo usijipake afu ukashika kidude hapohapo ukapuliza.

Hapa sasa tuweke namba maana ndo sehemu iliyonifumbua macho zaidi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ile Sura ya 168, inasema kikomo ni miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi zishuke mpaka 50, na 20 kwa madereva wachanga. Sweden wao wako 20 kwa kila mtu. Makufuli mengi nayo yanawekwa kwenye 20 au zaidi kidogo, yani sio kwamba umelewa, ni kwamba umekunywa, basi.

Mwili nao una spidi yake ya kutoa pombe, ini la mtu wa kawaida linapunguza kama miligramu 15 kwa saa, kuna wa zaidi na wa pungufu ila weka 15. Kahawa chungu haiongezi hiyo spidi. Kuoga maji ya baridi hakuongezi, supu ya kongoro haiongezi, kutapika ukiwa umeshakunywa masaa mengi hakusaidii kitu maana pombe haiko tumboni tena. Sasa chukua dereva aliyeenda sendofu Ipuli Jumamosi, akaacha kunywa saa 6 usiku damu yake iko 150. Akalala. Saa 12 asubuhi anatakiwa stendi, masaa 6 yamepita, katoa 90, amebaki na 60. Kaoga, kavaa shati lake la kazi, anaongea vizuri, hata mkewe atakuambia huyu yuko sawa. Trafiki akimpima atakuta yuko chini ya 80. Kufuli linamkatalia, na litaendelea kumkatalia mpaka kama saa 2 na dakika 40 asubuhi. Watu wengi wakisikia kufuli la pombe wanamfikiria mlevi anayetoka baa usiku anayumba, wakati kule lilikofungwa linamkamata sana mtu wa namna hii, wa asubuhi, ambaye anakuapia kabisa kwamba hajanywa leo. Na haongopi, leo kweli hajanywa.

Nilipompigia mzee wa Fuso hizo hesabu alikaa kimya kidogo afu akasema, ng'wanawane, basi mi nimeendesha miaka thelathini sijawahi kuwa mkavu Jumapili hata moja. Tulicheka lakini hakuwa anatania.

Haya, utingo. Utingo ndo swali la kila mtu, na sio Tabora tu, ndo swali la kwanza lililowasumbua waliotengeneza. Walishajaribiwa mambo yote, baluni lililojazwa hewa mchana, pampu ya baiskeli, mtoto wa miaka 8, mke, konda. Kwa baluni na pampu majibu yapo ndani ya kifaa, kinaangalia joto na nguvu ya pumzi, na vingine vinataka upulize kwa mtindo maalum, kama kupuliza huku unaguna, au unapuliza afu unavuta, kitu ambacho pampu haiwezi na hata mtu ambaye hajafundishwa anakosea mara kadhaa. Kwa utingo wanaweka kamera inayopiga picha ya aliyepuliza. Kamera haizuii gari kuwaka, inaweka ushahidi tu. Na ule mtihani wa kushtukiza njiani nao unabana maana utingo lazima awepo karibu na kidude njia nzima.

Afu kuna ujanja wetu wa kusukuma. Gari la manyuo likigoma stata si tunaita vijana watano tunasukuma, dereva anaachia klachi linawaka. Kwenye kufuli linawaka pia, kwa sababu kama nilivyosema halijagusa injini. Lakini linaona, linasoma umeme wa betri umepanda na gari linatembea wakati hakuna aliyepuliza, linaandika kwamba siku fulani saa fulani gari limewashwa bila kipimo. Hivyohivyo ukilipiga shoti kwa waya. Hivyohivyo ukichomoa betri.

Umeona sasa kwamba kila ujanja ninaoutaja mwisho wake ni "linaandika"? Hapo ndo penyewe. Sisi wote tulikuwa tunaangalia kufuli kama kitu cha kuzuia, wakati nusu ya nguvu yake ni daftari. Kule linakotumika vizuri, kila baada ya siku 30 mpaka 60 hivi unapeleka gari kituoni, fundi aliyeidhinishwa anahakiki kifaa kama mizani ya tumbaku inavyohakikiwa isije ikaiba, afu anapakua kumbukumbu zote, umepuliza mara ngapi, umeshindwa lini, umechomoa nini, na hiyo ripoti inaenda kwa mahakama au mamlaka ya leseni. Ukionekana ulijaribu kuwasha Ijumaa saa 5 usiku ukiwa na 110 muda wako wa kukaa na kufuli unaweza kuongezwa. Ondoa msomaji wa daftari na unabaki na kidude cha bei ghali ambacho utingo anakipuliza kila asubuhi huku anatafuna muwa.

Na kinasaidia kweli au ni biashara za watu? Marekani ndo wana historia ndefu, mfano wa kwanza ulitengenezwa mwaka 1969, California wakatunga sheria ya majaribio mwaka 1986, New Mexico mwaka 2005 wakawa jimbo la kwanza kulazimisha kila anayepatikana na hatia afungiwe hata kama ni kosa lake la kwanza, na leo majimbo yote 50 yana sheria ya namna fulani. Tafiti walizozikusanya zinaonyesha kwamba mtu akiwa na kufuli kwenye gari, uwezekano wa kukamatwa tena amelewa unashuka kwa kama asilimia 67. Ni kubwa sana hiyo, kuliko kumnyang'anya leseni, maana mtu aliyenyang'anywa leseni anaendesha hivyohivyo bila leseni, tusidanganyane, nani hapa hajawahi kumwona.

Lakini tafiti hizohizo zina upande ambao wauzaji hawauweki kwenye tangazo. Kufuli likitolewa, watu wanarudi kulekule. Halitibu. Ni kama kumfungia mtoto sukari kabatini, siku ukisahau funguo utakuta kopo tupu. Wasweden walipoanza majaribio yao mwaka 1999 walishaliona hilo, wakaunganisha kufuli na mambo ya hospitali, mtu anakaa kwenye mpango miaka 2 na anapimwa afya kuona kama kweli amepunguza kunywa, ndo anaachiwa. Mi naona hao ndo walielewa tatizo ni nini.

Bei nayo tuitaje. Marekani kufunga ni kama dola 70 mpaka 150, afu kila mwezi unalipia dola 60 mpaka 80, na anayelipa kwa kawaida ni mkosaji mwenyewe. Kwa hela yetu hiyo ya mwezi inaanzia kama laki na nusu. Mwenye mchomoko, kale kagari kadogo ka abiria, wa kwenda Urambo umwambie kila mwezi atoe hiyo juu ya mafuta, hesabu ya tajiri na matairi, ataona bora afungwe. Kwaiyo ule mtindo wa kumfungia mkosaji mmojammoja kwa hela yake, hapa kwetu siuoni ukitembea. Sio kwamba watu ni wabaya. Ni kwamba unahitaji mahakama inayoagiza, kituo cha kufunga, fundi wa kuhakiki na ofisi ya kusoma ripoti, vyote viwe Tabora, sio umwambie mtu wa Kaliua apeleke gari Dar kila siku 60.

Ila kuna njia nyingine ambayo kijiweni hatukuifikiria kabisa, nayo ni kuacha kuangalia wakosaji na kuangalia magari yanayobeba roho nyingi. Ufini tangu mwaka 2011 magari yanayobeba watoto wa shule kwa malipo ya serikali lazima yawe na kufuli, dereva awe mlevi au mlokole hakuna anayeulizwa. Ufaransa tangu Septemba 2015 mabasi ya abiria ya safari yote yanatakiwa yawe nalo. Hakuna aibu hapo maana halijafungwa kwa sababu wewe mlevi, limefungwa kwa sababu gari lina watu. Na mwenye basi ndo analipa, ambaye gari lake likianguka anapoteza mamilioni.

Na sisi kwa mabasi tumeshazoea kuchungwa na vifaa. Ile VTS, mfumo wa kufuatilia magari wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iko kwenye mabasi miaka sasa, dereva akizidisha spidi inapiga kelele abiria wote wanasikia na ofisi inaona. Kuna vitufe vya utambulisho vya dereva ambavyo vinasema nani yuko kwenye usukani. Yani mfumo unajua basi liko wapi, linakimbia kiasi gani na nani analiendesha. Kitu pekee usichokijua ni hali ya huyo nani. Tangu mwaka 2023 mabasi yaruhusiwe kutembea usiku hilo pengo mi linanikosesha raha zaidi, maana niliwahi kupanda basi moja, silitaji, tukashuka kula usiku na dereva akarudi kwenye kiti macho mekundu ananukia, abiria tunaangaliana, hakuna aliyesema kitu mpaka tunafika. Na mimi nilinyamaza, hilo najua.

Wengine watasema subirini magari mapya yaje nayo. Kweli Ulaya tangu Julai 2022 aina mpya za magari, na tangu Julai 2024 kila gari jipya, lazima liwe limeandaliwa sehemu ya kuunganisha kufuli kirahisi, sio kwamba kufuli limo, ni maandalizi tu ya nyaya na maelekezo. Marekani nao bunge lao mwaka 2021 liliagiza itengenezwe kanuni ya magari yanayojua yenyewe dereva kalewa bila hata kupuliza, na kuna mradi wao wa tangu 2008 wa kunusa hewa inayomzunguka dereva na mwingine wa kusoma ngozi ya kidole kwa mwanga. Safi. Lakini sisi Probox tunayoita mpya imetembea miaka 15 Japani kabla haijafika hapa. Ukisubiri hiyo foleni wajukuu ndo watapuliza.

Boda je, maana ukweli wa Tabora ni boda. Nilikaa na fundi tukajaribu kufikiria na tukakwama kwenye kiki. Gari halina kiki, kufuli likishika stata limeshika gari. Pikipiki nyingi za boda hata ukikata waya wa stata, kijana anasimama anapiga kiki mbili anaondoka zake. Ili kuizuia lazima ukate umeme wa kuchoma plagi, na ukigusa huko umegusa injini yenyewe, waya ukilegea na vumbi na mvua za huku pikipiki inazima ikiwa imebeba mtu katikati ya malori. Na ule mtihani wa njiani, utapulizaje umevaa helmeti na upepo? Vifaa vingi vimetengenezwa kwa ajili ya magari na mi naona kwa boda tusijidanganye, dawa yake iko kwingine. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 2017 ndo kitu nilichoona kwa macho kikibadilisha vijiwe vya boda, maana kile kilikuwa kinaingia mfuko wa shati.

Kuna na maswali ambayo kufuli haliyajibu vizuri. Mgonjwa usiku, mtaa mzima gari ni moja na mwenye gari katoka kunywa kangara. Vifaa vingine vina namba ya dharura ya kutumia mara moja ambayo inaandikwa na utaulizwa baadaye, vingine havina. Mi binafsi sijui ningetaka lipi, najua tu kwamba hiyo namba ikiwepo, kila Jumamosi kila mtu atakuwa na mgonjwa. Jambo lingine dogo ila linaudhi, kidude kinakula betri hata gari likiwa limelala, ukisafiri wiki mbili na betri yako ni ya kuungaunga utarudi ukute limekufa.

Kama mngeniuliza pa kuanzia, mi nisingeanza na kufuli hata. Ningeanza na wanachofanya Japani, hukohuko yanakotoka magari yetu. Tangu mwaka 2011 kampuni za usafirishaji kule lazima zimpime dereva pombe kwa kifaa kabla ya kazi na baada ya kazi na matokeo yaandikwe, na tangu Desemba 2023 wakaongeza hata kampuni za kawaida zenye magari matano na kuendelea, yale ya shughuli zao wenyewe tu. Hakuna waya unaokatwa. Kipima kimoja chenye seli ya platinamu ofisini, msimamizi mmoja, kitabu kimoja, dereva hapulizi hapewi funguo. Kinahudumia mabasi kumi. Kinafika kwenye magari ya shule hapa mjini ambayo asubuhi unaona yamebeba watoto mpaka mlangoni.

Nilimwambia hivyo mwenye mabasi mawili anayenunua spea kwangu. Aliuliza bei, akauliza mirija ya kupulizia inanunuliwa wapi maana kila mtu awe na wake watu wasiambukizane TB, akauliza kinahakikiwa kila baada ya muda gani. Afu akauliza swali ambalo sikuwa nimelitegemea, kwamba siku dereva akikataliwa saa 12 asubuhi na abiria wameshakaa kwenye viti, dereva wa akiba anamtoa wapi. Tulianza kuhesabu majina ya madereva wanaokaa mjini hapa ambao hawanywi. Tulifika wanne, mmoja wetu akakumbuka kwamba wa tatu ameanza.